Sura ya Saba: Kaniki Juu ya Chupa

Siku Mwaija alipoiondoa kaniki ya marehemu mama yake juu ya chupa za Bwana Chupa, hakuiba. Aliikung'uta, akaikunja mara nne, akaitia kwapani na kuteremka ngazi. Kilicho chako ukikichukua si wizi. Ndivyo alivyojiambia njia nzima, kutoka mjini Bagamoyo mpaka Nunge kwenye mashamba ya chumvi, na kila alipojiambia hivyo moyo wake ulimjibu: Kweli, si wizi. Ni kisasi.

Asubuhi ile alikuwa uani kwa Bi Mize, akisugua chupa kwa mchanga kama kawaida yake, alipowaona wanawake wanapanga masinia na kukunja kisutu kipya kabisa.

"Kuna harusi?" aliuliza, kwa sauti ile yake ndogo ambayo watu humwambia airudie.

"We mtoto umelala wapi?" mmoja alimjibu. "Alawi anaposewa Kibibi, binti wa ami yake wa Pangani. Barua imekwishajibiwa."

Bi Mize, mama yake Alawi, alikuwa ameketi juu ya kigoda, anachambua asumini. Hakuinua uso. "Sugua vizuri, mwanangu," alisema kwa upole. "Usije ukatuachia harufu ya tope kwenye nguo za harusi."

Mwaija alisugua chupa ile mpaka kidole kikatoka damu. Miaka miwili! Miaka miwili Alawi alimwambia barua itakwenda kwa baba yake, mzee Mwinshehe. Kwanza ilikuwa baada ya Ramadhani, kisha Mfunguo Tatu, kisha mama akipona mguu. Mguu ulipona zamani.

Bwana Chupa alikuwa Mzungu aliyepanga ghorofa ya juu ya nyumba ile. Jina lake halisi liliwashinda watu, wakampa hilo. Kazi yake ilikuwa kutia tope kwenye chupa. Alitaka tope jeusi la mikokoni, lile linalonuka mayai viza. Alilichanganya na chokaa, kiini cha yai na vipande vya magazeti, akaziba kwa nta na kuliweka kwenye mwanga. Mji mzima ulicheka. Alawi, aliyesoma mpaka darasa la kumi, alikuwa karani wake na mkalimani wake. Mwaija, aliyeishia darasa la tatu mama yake alipofariki, alikuwa mchota tope na mwosha chupa.

Bwana Chupa alisema ndani ya tope mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na chakula chao ni mwanga. Vikistawi, tope hugeuka jekundu. Lakini chupa zake, alizozipanga roshani juani peupe, zilitoa wekundu wa maji ya tikiti tu. Ni Mwaija aliyesema, tena kwa Alawi peke yake kwa kuwa mbele ya Mzungu ulimi wake ulikuwa mzito, kwamba kwao tope huiva chini ya kivuli cha mikoko, si pale jua linapochoma. Akaleta kaniki ya mama yake, iliyochakaa ikawa na matundu kama chujio, akazifunika chupa. Mwezi haukwisha, zikawa nyekundu kama komamanga, na vipovu vikipanda ndani yake.

Bwana Chupa aliruka kama mtoto. Akauliza jambo kwa Kiingereza. Mwaija alitazama vidole vya miguu yake. Alawi akajibu, jibu refu, na Mzungu akampa mkono.

"Umemwambia nini?" Mwaija alimuuliza baadaye.

"Nimemwambia ni sisi wawili," alijibu Alawi, akimtazama kwa yale macho yake yaliyojaa kope. Naye akaamini. Nani asingeamini?

Basi siku ya masinia aliitwaa kaniki yake, na kwa siku tisa hakukanyaga mjini.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala, Mwaija na shangazi yake Ashatu walikuwa wanakwangua chumvi, shangazi akainua kichwa na kucheka.

"Mwaija! Mgeni wako yule. Kabeba viatu mkononi kama aliyenunua samaki."

Alikuwa Alawi. Kanzu ameipandisha magotini, kofia imelowa jasho, tope limemfika kwenye vifundo vya miguu. Mwaija alihisi moyo unamdunda, akauchukia moyo wake kwa kumdundia mtu yule.

"Shikamoo, shangazi," alisema Alawi.

"Marahaba, bwana harusi," alijibu Ashatu. "Pangani hawajambo?"

Alawi alihamishia viatu mkono wa pili. "Naomba kusema na Mwaija."

"Sema. Mimi ni kiziwi tangu jana." Shangazi akasogea hatua tatu tu, akaendelea kukwangua, polepole mno.

"Mwaija, chupa zimepauka," alisema Alawi. "Zote. Nilipoona zinapauka nikazipandisha darini zipate jua zaidi. Zikazidi."

Mwaija alitaka kucheka. Darini! Mtu aliyeiona chumvi kwa mbali tu huamini kila kitu hukomaa juani. "Na ukaona bado jua halitoshi," alisema.

"Usinifanyie mzaha. Jumatatu kuna mgeni. Mwalimu Kombo, Mpemba, anafundisha elimu ya viumbe Makerere. Anakuja kuziona chupa na kumwona aliyegundua jambo lile. Akiridhika nitakwenda Makerere, Mwaija. Barua ya kunipokea anakuja nayo, inangoja sahihi tu."

"Kumwona aliyegundua," Mwaija alirudia. "Nani aliyegundua?"

Kwanguo la shangazi likanyamaza.

"Uliniambia ulisema ni sisi wawili."

"Nilikuwa nitasema. Wallahi nilikuwa nitasema. Lakini yule Bwana alikwisha kunipa mkono, nikaona haya kumrudisha nyuma."

"Haya ni yangu mimi, Alawi. Watu wote wanajua. Wewe uliipata wapi?"

Alimtazama sasa, mara ya kwanza siku ile. Alikuwa amekonda. Alikuwa mzuri vilevile. Harufu ya udi wa kwao ilimfikia kupitia harufu ya chumvi, na miaka miwili yote ikamrudia mara moja: ngazi ya nyuma, mkono wake uliompokea ndoo, siku alipomletea chupa kubwa ya peremende kutoka duka la Mhindi na kumwambia, "Tia tope la kwetu sisi wawili humu." Hata alipokuwa akimfundisha maneno ya Bwana Chupa, alimfundisha kama anayembembeleza. Ndani ya kila kijidudu, alimwambia, mna vitu mfano wa hamira, vifanyakazi vidogo, na hivyo ndivyo vinavyotengeneza ile rangi ya kukamatia mwanga. Mwanga ukiwa mwingi, kijidudu huacha kuitengeneza hamira yake. Ya nini ajisumbue, naye ameshiba? Ukiwa mdogo, huitengeneza kwa wingi, isimpotee hata chembe. Giza tupu likimfika, hukaa na njaa mpaka afe.

"Unajua kwa nini nilikupenda kiasi kile?" Mwaija aliuliza. Hakujua kama angeweza kulisema neno lile mchana kweupe. "Kwa sababu ulinipa kidogo. Mtazamo mmoja ngazini, nikaishi nao wiki. Wewe ulipendwa juani kila siku, na mama yako, na Bwana wako, na mimi. Basi ukaacha kutengeneza chochote."

"Mwaija wangu..."

"Wako yuko Pangani."

"Posa si yangu, ni ya mama. Unajua mama alivyo. Alisema nikioa binti wa mkwangua chumvi atavua kanga yake sokoni."

"Na wewe ulimwambiaje?"

Alawi alitazama viatu mkononi mwake.

"Nifundishe tu ulivyozitunza," alisema mwishowe. "Nakuomba."

"Nilizifunika. Dukani kwenu majora ya kaniki yamejaa mpaka juu, na hujui kazi ya kaniki hata moja. Lakini kabla ya Jumatatu hazirudi. Zinataka wiki mbili."

Alikaa kitako juu ya ukingo wa tope, na kanzu yake nyeupe. "Nimekwisha," alisema.

Mwaija alimwacha akae. Alitaka aione baridi ya tope inavyopenya nguo. Kisha akasema, "Nitakuja Jumatatu, kwa sharti moja. Utasema kwa kinywa chako, mbele ya mgeni na mbele ya mama yako, nani alizilea chupa zile. Ukisema kweli, nami nitamwonyesha mgeni jambo litakalomridhisha."

"Jambo gani?"

"Apa kwanza."

Aliapa. Aliapa kwa Mungu na kwa kaburi la baba yake, mkono juu ya kifua. Alipokwenda zake, shangazi Ashatu alirudi hatua zake tatu.

"Umemwamini?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui nini? Yale machozi yake hayakufika hata kidevuni."

Usiku na mchana wa siku mbili zilizofuata Mwaija aliomba Alawi aseme kweli. Tena kuna saa alijikamata akiomba asiseme.

Jumatatu saa tatu asubuhi alipanda ile ngazi. Chini ya buibui lake alikumbatia kitu kilichofungwa kwenye kaniki. Roshani palikuwa na meza ndefu, na juu yake chupa ishirini na nne, zote zimepauka kama macho ya mgonjwa. Bwana Chupa alikuwa akijikuna kichwa. Mwalimu Kombo alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, ameweka mkoba wake wa ngozi magotini. Kwenye mlango wa ndani palikuwa na pazia, na chini ya pazia ilionekana miguu ya Bi Mize, iliyopakwa hina.

"Shikamoo, Bi Mize," Mwaija alisema kulielekea pazia.

"Marahaba," pazia lilijibu, kama mtu aliyetema mbegu.

Alawi alimwendea haraka. "Umekuja. Alhamdulillahi. Niache nianze mimi." Akageuka, akasema na Bwana Chupa kwa Kiingereza, maneno mengi yenye mikono. Mzungu akatikisa kichwa. Mwalimu Kombo akasikiliza, kisha akamwelekea Mwaija na kusema kwa Kiswahili chake laini cha Pemba:

"Na huyu binti ni nani?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya Alawi kutimiza kiapo chake. Mwaija alimtazama Alawi. Alawi alimtazama Mwalimu, akautazama mkoba, akalitazama pazia.

"Huyu ni mwosha chupa tu, Mwalimu," alisema. "Ana mkono mzito kidogo. Ndiyo nilikuwa namweleza Bwana, nadhani amezitikisa chupa, vijidudu vikafa."

Mwaija alisikia masikio yanavuma. Aliwahi kudhani siku moyo wake utakapovunjika atapiga kelele. Kumbe ulivunjika kwa utulivu, kama bonge la chumvi, na vipande vyake vikawa vikali.

Alisogea mezani na kuifungua kaniki. Ilitoka chupa kubwa ya peremende, ile ya mapenzi, aliyoiweka nyumbani kwenye kidirisha cha jikoni muda wote huo, chini ya kivuli cha makuti. Nyekundu ya komamanga, karibu na zambarau. Vipovu vilikuwa vikipanda, kimoja baada ya kingine, kama pumzi za mtu aliyelala vizuri.

Bwana Chupa aliinuka, kiti kikaanguka.

"Mwalimu," Mwaija alisema. Sauti ilikuwa ile ile ndogo, lakini safari hii hakuna aliyemwambia airudie. "Naomba kusema na Bwana. Kiingereza sina."

"Sema, mwanangu. Mimi nitakufasiria."

"Ahsante, Mwalimu. Naomba afasiri yeye. Ndiyo kazi yake."

Mwalimu Kombo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Haki," alisema. "Fasiri, bwana. Mimi nitasikiliza tu kama hakuna neno linaloanguka njiani."

Alawi alikuwa amebadilika rangi kama chupa zake.

"Sema: kaniki hii ilikuwa ya mama yangu marehemu."

Alisema.

"Sema: mimi ndiye niliyejua kwamba vijidudu hivi havitaki jua kali, kwa kuwa nimekua navyo mikokoni. Vikipewa mwanga mdogo ndipo vinapotengeneza hamira ya rangi yao kwa wingi."

Alisema, na sauti ikamkatika katikati, akakohoa. Bwana Chupa alikuwa ameacha kuitazama chupa, anamtazama yeye.

"Sema: mimi, Alawi bin Bwanaheri, sijawahi kufunika chupa hata moja."

"Mwaija," alinong'ona. "Mama anasikia."

"Ndiyo maana nasema kwa Kiswahili. Fasiri."

Alifasiri. Kila neno lilimtoka kama mwiba unaotolewa kwa sindano.

"Sema: siku kumi na tatu zilizopita mimi Mwaija niliichukua kaniki yangu. Zilizopauka zimepauka kwa jua, si kwa mkono wangu. Na sema: Ijumaa mimi Alawi niliapa kwa kaburi la baba yangu kwamba leo nitasema kweli, na sasa hivi nimesema uongo."

Pazia lilitikisika. Alawi alisimama na mikono imening'inia, akalisema na hilo, akitazama sakafu. Mwalimu Kombo aliitika kwa kichwa: hakuna lililoanguka.

"Kuna jingine?" Mwalimu aliuliza.

Lilikuwepo. Mwaija aliyaona macho ya Alawi yakimwomba, macho yaleyale ya ngazi ya nyuma. Miaka miwili, ahadi, Mfunguo Tatu, mkono gizani. Kibibi wa Pangani hakulijua hilo, wala wajomba zake.

"Lipo," alisema. "Lakini hilo halina Kiingereza."

Mwalimu Kombo alifungua mkoba, akaitoa barua moja, akaitazama, akairudisha ndani bila sahihi na kuufunga mkoba. Ule mlio mdogo wa kifungo Mwaija aliusikia mpaka kwenye mifupa, na ulimfaa kuliko taarabu.

Bwana Chupa alikifungua kitabu chake kikubwa kuliko vyote, akachovya kalamu na kuuliza kitu. "Anataka jina lako," Mwalimu alisema. Mwaija aliunyoosha mkono, akaiomba kalamu yenyewe. Akaandika, herufi kubwa kubwa za darasa la tatu, taratibu, mpaka jina likatimia: Mwaija binti Mwinshehe. Wino ulidondoka mara moja. Aliuacha.

"Bwana anakuomba uzirudishie chupa kaniki yako," Mwalimu alisema tena. "Na uwe msimamizi wake."

"Usimamizi nitamwuliza baba. Kaniki yangu siitoi tena. Wenye nyumba wana duka."

Hapo pazia lilifunguka. Bi Mize alitoka, uso umemwiva, na bila kusema neno akateremka dukani kwake. Alirudi na pande la kaniki mpya mikononi mwake mwenyewe, akamnyooshea Mwaija.

Mwaija aliipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Akaisogeza puani.

"Ahsante, Bi Mize," alisema kwa upole. "Tutaifua kwanza. Isije ikaziachia chupa harufu ya duka."

Alawi alimfuata mpaka chini ya ngazi, pale pale pao pa zamani. Alimshika ncha ya buibui.

"Umenimaliza," alisema. "Sikulaumu. Lakini nimesema sasa, yote nimeyasema. Nitaivunja posa, Mwaija. Nitakwenda kwa baba yako leo hii kwa miguu yangu."

Miezi mitatu kabla, kwa maneno hayo angeanguka. Sasa alilihamishia lile pande jipya la kaniki kwapa la pili.

"Ile ya peremende umemwachia Bwana?" Alawi aliuliza. "Ile yetu?"

"Kule juu ina kazi."

"Na zile nyingine... zitarudia wekundu wake?"

"Zitarudi, zikifunikwa. Tope halina kinyongo. Jua likilipausha, likipata kivuli hurudi vilevile kama halikutendwa kitu." Aliivuta ncha ya buibui taratibu mpaka vidole vyake vikaachia. "Mimi si tope, Alawi. Mimi nakumbuka."

"Nifanye nini basi? Niambie."

"Shika. Fua kaniki hii ya mama yako. Ianike, uipasue matundu madogo madogo, uzifunike chupa kila asubuhi kabla jua halijafika roshani, mpaka saa saba mchana. Kila siku, kwa mkono wako, wiki mbili. Keshokutwa nitakuja kuzitazama."

"Na nikikosea?"

Mwaija aliitandaza kaniki ya marehemu juu ya kichwa chake, ile yenye matundu. Mwanga ulipenya chembe chembe ukamwangukia usoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Alawi ndiye aliyeinamisha macho.

"Nikikuta imepauka hata moja," alisema, "lile la mwisho, lisilo na Kiingereza, nitalipeleka Pangani kwa Kiswahili."

Kutoka juu sauti ya Bi Mize iliita, "Alawi! Ndoo iko wapi?"

Naye Alawi bin Bwanaheri, wa darasa la kumi, akapanda ngazi kwenda kufua.